Tone, Chupa na Mti: Taswira na Maana Yake katika Filamu ya "Pumzi"

Desturi ya wahakiki wa hadithi ni kuanza na maneno, kwa kuwa hadithi huumbwa kwa maneno. Sinema haiko hivyo. Katika sinema neno ni mgeni aliyeingia nyumba ilipokwisha kujengwa: watu walitazama picha zitembeazo kwa miaka ipatayo 30 kabla sauti haijaunganishwa nazo, na katika miaka hiyo walicheka, walilia na walielewa. Kwa hiyo yeye atakaye kuipima filamu kwa haki hana budi kuuliza kwanza ni nini kilichoonyeshwa, ndipo aulize ni nini kilichosemwa. Kanuni hiyo yafaa kwa filamu zote. Lakini kwa filamu fupi iitwayo Pumzi, iliyotungwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya mwaka 2009, ni lazima. Maana katika mji unaoonyeshwa humo watu hawafumbui vinywa vyao kuzungumza, na mambo yote yenye uzito yamewekwa katika vitu vya kuonekana kwa macho: tone la maji, chupa, udongo, kitambaa, mwili wa mwanamke, na mti.

Mwisho wa filamu hiyo wasomeka kwa njia mbili. Yuko atakayeuona kuwa ni tumaini, kwa sababu mti unaota jangwani. Yuko atakayeuona kuwa ni msiba, kwa sababu mti huo unaota pale alipolala mwanamke aliyeishiwa na maji na nguvu. Swali hili si dogo, wala si la mzaha wa wasomi. Ikiwa filamu yafundisha kwamba dunia iliyoharibiwa na wote itaponywa kwa kumtoa mwanamke mmoja sadaka, basi uzuri wa picha zake umefunika fundisho la kale na la kikatili. Na ikiwa haifundishi hivyo, hapana budi ionyeshwe ni wapi inapokataa. Jibu halipatikani katika picha ya mwisho peke yake. Lapatikana kwa kuyafuata maji tangu mwanzo, na kutazama yanatoka kwa nani na yanarudi kwa nani.

Kisa chenyewe ni kifupi, kama filamu yenyewe ilivyo fupi, kwani haizidi sana dakika 20. Maandishi ya mwanzo yamwambia mtazamaji kwamba yu katika Eneo la Afrika ya Mashariki, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, navyo vilikuwa Vita vya Maji. Watu waliosalia wanaishi katika mji uliofungwa pande zote, uitwao Maitu. Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe na mimea iliyotoweka. Siku moja analetewa udongo usio na jina la mpelekaji. Anaupima, naye aona kwamba hauna miale ya sumu, na kwamba una maji mengi kupita kiasi. Anatia mbegu ndani yake, na mbegu yachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka akatafute mahali udongo ulikotoka. Wakubwa wa mji wanamkatalia kwa hoja kwamba nje hakuna uhai. Anatolewa makumbushoni kwa nguvu na kutiwa katika kazi ya kuzalisha umeme kwa mwili wake. Kwa msaada wa mwanamke mhudumu wa msalani anatoroka, anavuka jangwa pamoja na mche wake, anaupanda, anaunywesha maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha analala kando yake. Kamera yapaa juu; mti wakua; ngurumo na mvua vyasikika.

Hadithi za namna hii zina jina lake katika uhakiki. Huitwa distopia, yaani hadithi ya mji uliopangwa sana hata ukawa jela. Sinema ina nasaba ndefu ya miji hiyo. Katika Metropolis ya Fritz Lang, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1927, wafanyakazi wanaishi chini ya ardhi ilhali wana wa matajiri wanacheza bustanini juu, na mtu mmoja anaonekana ametandaza mikono yake juu ya mashine iliyo mfano wa uso wa saa, akisukuma mishale yake mpaka anaishiwa na nguvu. Katika THX 1138 ya George Lucas, ya mwaka 1971, watu wamenyolewa vichwa, wamevikwa nguo nyeupe, na kumezeshwa dawa za kuzima hisia. Katika Silent Running ya Douglas Trumbull, ya mwaka 1972, misitu ya mwisho ya dunia imefungiwa ndani ya kuba za kioo na kupelekwa angani. Mtazamaji aliyezizoea filamu hizo atazitambua alama zake katika Pumzi: mashine iendeshwayo kwa mwili wa mtu, kidonge cha kuzuia ndoto, mmea ulio ndani ya kioo. Lakini kurithi vyombo si kurithi mapishi. Alichokipika Kahiu kwa vyombo hivyo ni chakula kingine, nacho chaanza kujulikana ladha yake katika taswira ya kwanza, ambayo ni ya chombo kilichofungwa.

Makumbusho ya Asha ni nyumba ya vyombo vilivyofungwa. Kamera yapita taratibu juu ya mabaki ya viumbe vilivyokufa, na juu ya vipande vya magazeti ya zamani vinavyotaja kupanda kwa joto la dunia na upungufu wa maji. Mtazamaji anaona katika muda mfupi kwamba watu hawa hawakuangamia kwa kukosa habari. Habari walikuwa nazo, walizikata wakazihifadhi. Katikati ya vitu hivyo mna chupa yenye mbegu, na juu yake karatasi ya maelezo inayosema kwamba neno "maitu" ni la Kikikuyu, maana yake mama, na kwamba limetokana na maneno mawili yenye maana ya ukweli na yetu: ukweli wetu. Basi jina la mji mzima limeandikwa juu ya chupa ya mbegu moja. Hapa ndipo mwongozaji anapomwonyesha mtazamaji ufunguo wa taswira zake, bila ya kumtia ufunguo huo mkononi. Mbegu iliyo chupani haijafa wala haiishi, imehifadhiwa tu. Na watu wa mji wa Maitu, walio ndani ya kuta zao mfano wa mbegu ndani ya kioo, hali yao ni hiyo hiyo. Jela nyingi za sinema zimejengwa ili kuwatesa watu. Jela hii imejengwa ili kuwatunza, na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kuipinga.

Taswira ya pili ni ya maji yaliyohesabiwa. Kila mtu ana chupa yake na kipimo chake. Mkojo hautupwi, bali husafishwa na kurudishwa chupani. Jasho nalo halipotei. Watu hupanda mashine za mazoezi na kuzisukuma ili mji upate umeme. Waswahili husema akiba haiozi, na pia haba na haba hujaza kibaba. Mji huu ni mji uliozichukua methali hizo mbili na kuzifanya sheria bila ya kubakiza methali nyingine yoyote. Haba na haba inakusanywa, lakini kibaba hakijai kamwe, kwa sababu kila kilichokusanywa hunywewa tena na yule yule aliyekitoa.

Yafaa kuulinganisha mji huu na mji wa Lang, kwa kuwa tofauti yake ni kubwa kuliko ionekanavyo. Katika Metropolis jasho la maskini lapanda juu kuwastarehesha matajiri. Picha yake ni ya ngazi, na dhuluma yaonekana wazi kwa kuwa ina juu na chini. Katika Pumzi picha kuu ni ya duara. Maji yatoka mwilini mwa mtu, yapita katika mashine, yarudi mwilini mwa mtu yule yule. Hapana mwizi wa kunyoshewa kidole. Wakubwa wa mji wapo, lakini huonekana katika viwambo tu, kama kwamba nao pia wamo ndani ya vioo vyao. Hesabu ya mji ni sahihi kabisa, nao ubaya wake wote umo katika usahihi huo: pale ambapo kila kitu hurudi kilikotoka, hapana kitu kinachoweza kuzaliwa. Mtu anaweza kukaa miaka mingi katika duara hiyo asife, na asiwe amemfaa mtu yeyote.

Taswira ya tatu ni ya kinywa kilichofungwa, nayo ndiyo inayolifanya jina la filamu kuwa na maana. Watu wa Maitu huwasiliana kwa mashine. Maneno huandikwa na sauti isiyo ya kinywa huyatamka, ilhali midomo ya wahusika imetulia. Mtazamaji wa mara ya kwanza hudhani jambo hilo ni pambo la wakati ujao, kama yale magari ya kuruka katika filamu nyingine. Siyo hivyo. Kusema ni kutoa pumzi, na pumzi hubeba unyevu. Mji unaohesabu jasho ungestahili pia kuhesabu maneno. Vinywa vilivyofungwa ni chupa nyingine tena, na jina la Kiswahili lililopewa filamu inayosema kwa Kiingereza lamkumbusha msikilizaji wa Kiswahili jambo ambalo mgeni huenda asilione: kwamba pumzi ni mali ya namna ya pekee, isiyoingia katika methali ya akiba. Maji yaweza kutiwa katika chupa, na nafaka katika ghala. Pumzi haihifadhiki. Mtu hawezi kuipata nyingine mpaka ameitoa aliyo nayo, na yeye aizuiaye kwa kuiogopea ndiye afaye kwanza. Lugha yenyewe imeliweka jambo hilo wazi, kwa kuwa neno pumzi ni ndugu wa pumua na wa pumzika: mtu hupumzika kwa kuachia, wala hapumziki kwa kukamata.

Kinyume cha vyombo hivyo vyote ni ndoto. Mwanzoni mwa kisa Asha anaota mti uliosimama jangwani, naye anaunyoshea mkono. Mara mashine yaitambua ndoto yake na kumwamuru ameze kidonge cha kuizuia. Baadaye, akiwa ameunusa ule udongo, anazama katika njozi nyingine, na safari hii yumo ndani ya maji mengi. Mwongozaji amecheza hapa na ukubwa wa vitu, na mchezo huo wastahili kuangaliwa vizuri. Mjini, mtu ni mkubwa na maji ni madogo: mkono waikamata chupa, jicho lalitazama tone. Njozini, maji ni makubwa na mtu ni mdogo: hayashiki, yeye ndiye anayeshikwa. Basi ndoto haikatazwi kwa kuwa ni ya uongo. Yakatazwa kwa kuwa inamwonyesha Asha kipimo kingine cha maji, ambacho mji hauwezi kukiingiza katika hesabu yake. Na udongo ulioletwa waithibitisha ndoto hiyo kwa njia ya kisayansi: katika kiganja kimoja cha udongo wa nje mna unyevu ambao wakubwa wa mji walisema haupo.

Lakini tendo linaloigeuza filamu halikutendeka njozini, wala mbele ya wakubwa, wala jangwani. Latendeka msalani, mahali ambapo watunzi wengi wasingelifikiria kuweka kiini cha kazi yao. Huko Asha anamkuta mwanamke mhudumu, mtu wa daraja la chini kabisa katika mji, naye anammiminia sehemu ya maji yake mwenyewe. Ni picha ndogo, wala muziki haukuipigia ngoma. Hata hivyo ndiyo mara ya kwanza katika filamu ambapo maji yanatoka katika chupa ya mtu mmoja na kuingia katika chupa ya mtu mwingine. Duara imekatika. Kwa hesabu ya mji Asha amepungukiwa. Ametoa na hakurudishiwa. Kwa hesabu ya filamu ndipo alipoanza kuishi. Na matokeo yake si ya miujiza, ni ya kawaida: mwanamke yule yule aliyepewa maji ndiye anayemsaidia kutoroka. Mtazamaji asiyeitia maanani picha ya msalani hawezi kuuelewa mwisho wa jangwani, kwa sababu Asha hafanyi huko nje ila lile alilokwisha kulifanya ndani.

Asha anatoka mjini kwa njia ya takataka. Jambo hilo nalo lina maana yake: mji unaojisifu kwamba haupotezi kitu umeuzungushia ukuta wake jaa kubwa, na usafi wa ndani umenunuliwa kwa uchafu wa nje. Toka hapo picha zabadilika. Ndani kulikuwa na mwanga hafifu, kuta za karibu, na rangi za chuma na kijivu. Nje kuna jua kali, upeo ulio mbali, na rangi ya mchanga. Ni desturi ya filamu za distopia kuufanya utokaji huo kuwa ndiyo ushindi. Katika THX 1138 mtu anatambaa na kupanda mpaka juu ya ardhi, na filamu yamwacha amesimama peke yake mbele ya jua kubwa jekundu, huru. Kahiu hakuukubali mwisho huo. Jangwa lake si uhuru. Ni mahali ambapo mwili uliozoea kurudishiwa kila tone unayatoa maji yake bila ya kurudishiwa, hatua kwa hatua. Asha anajitanda kitambaa kichwani, anauangalia mche kuliko anavyojiangalia mwenyewe, na anapofika mahali pa kuupanda, hasimami kama shujaa wa Lucas. Anapiga magoti, kisha analala.

Sasa lile swali la mwanzo laweza kuulizwa upya kwa haki. Je, mwisho huo ni sadaka ya kale iliyovikwa nguo mpya? Mwenye kushuku ana hoja nzito. Jina la mbegu ni mama. Mpandaji ni mwanamke. Mwili wake unakuwa mbolea na kivuli. Hadithi nyingi za duniani zimemsifu mwanamke aliyekufa ili wengine waishi, na sifa hiyo mara nyingi imekuwa mzigo kwa walio hai, kwa maana ni rahisi kumsujudia mama aliyekufa kuliko kumpunguzia kazi aliye hai. Tena katika jangwa lile hapana mtu mwingine anayeonekana kuupokea mti. Mwenye kushuku aweza kuuliza: mji ulimkamua Asha jasho ili upate umeme, na mti unamkamua jasho ili upate majani, tofauti i wapi?

Tofauti imo katika mfululizo wa picha, wala si katika picha moja. Jasho la mashine lilitolewa kwa amri, likapimwa, na likarudi katika duara. Jasho la jangwani latolewa kwa hiari, halipimwi na mtu, na halirudi. Kamera yenyewe yashuhudia. Mjini ilikaa karibu na vitu vidogo, kama jicho la mpimaji: tone, chupa, kidonge. Mwishoni yaondoka kwa mara ya kwanza na kupaa, ikapaa mpaka mwili wa Asha ukawa mdogo katika ardhi kubwa, kama vile mwili wake ulivyokuwa mdogo katika maji ya njozi. Kile kipimo kilichokatazwa mjini kimekuwa sasa kipimo cha filamu nzima. Na baada yake yaja ngurumo na mvua, yaani maji yasiyokuwa na mwenyewe, yanyeshayo juu ya wote. Kama mjini kila tone lilikuwa na jina la mtu, hapa hapana chupa wala jina. Basi filamu haisemi kwamba mwanamke ni kitu cha kutumiwa. Yasema kwamba uhai, mfano wa pumzi, haupatikani kwa kuzuiwa. Na yaonyesha jambo hilo kwa mtu aliyelichagua mwenyewe, akikataliwa na mamlaka yote.

Hata hivyo hoja ya mwenye kushuku haikwisha kujibiwa yote, na haifai kuifunika. Filamu imejibu swali la kutoa. Haikulijibu vyema swali la upweke. Ili kuliona pengo hilo yatosha kuiweka filamu karibu na historia ya nchi iliyomlea mtunzi wake. Mwaka 1977 Wangari Maathai alianzisha Kenya kazi iliyokuja kujulikana kwa jina la Green Belt Movement, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake wa vijijini, walioanzisha vitalu vya miche na kulipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika. Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyokwisha kupandwa ilihesabiwa kuwa milioni 30. Kahiu aliijua vyema habari hiyo, kwa kuwa mwaka ule ule wa 2009 alitengeneza filamu ya maisha ya Maathai, iitwayo For Our Land. Sasa msomaji na azitazame picha hizi mbili pamoja. Katika historia, mti ulipandwa na wengi, nao walipanda wakarudi nyumbani kupika, kulea, na kupanda tena kesho yake. Katika filamu, mti umepandwa na mmoja, naye hakurudi. Picha ya filamu ni nzuri zaidi machoni. Picha ya historia ni ya kweli zaidi, na kwa maana moja ni ya ujasiri zaidi, kwa sababu kufa kwa ajili ya mti ni tendo la siku moja, ilhali kuishi kwa ajili ya miti milioni 30 ni kazi ya miaka.

Kasoro nyingine ni ndogo na zasameheka kwa ufupi wa kazi. Askari na wakubwa wa mji hawakupewa nafsi. Ni vizuizi tu. Udongo ulipelekwa na nani halielezwi kabisa, na ingawa fumbo hilo lina utamu wake, linaacha tundu katika kisa. Nao mti unakua upesi mno, hata mtazamaji anafarijiwa kabla hajauhisi uzito wa alichokiona.

Lakini pengo la upweke halikuachwa wazi kabisa, na hapo ndipo ile picha ya msalani inaporudi na nguvu mpya. Asha hakutoka peke yake kwa uwezo wake peke yake. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwingine, ambaye hana makumbusho, hana maabara, wala hana haki ya kuomba ruhusa kwa wakubwa. Huyu ndiye aliyesalia mjini. Anajua kwamba maji yaweza kutoka katika chupa moja yakaingia katika nyingine na dunia isianguke. Anajua kwamba mlango upo na kwamba unafunguka. Wahakiki wanaolitafuta tumaini la filamu hii huinua macho na kuutazama mti. Huenda ingewafaa kuyateremsha, wamtazame mhudumu aliye na kitambaa cha kufutia mkononi. Mti mmoja haufanyi msitu. Mtu wa pili ndiye aufanyaye.

Taswira za Pumzi, basi, hazikuwekwa ili kuipamba habari ya ukame wa siku zijazo. Zimepangwa kama hoja: chupa, duara, kinywa kilichofungwa, kisha tone lililohama, kisha mwili ulioachia, kisha mvua. Yeye atakayezifuata kwa mpango huo ataona kwamba filamu haikutabiri tu kwamba maji yatakwisha. Yauliza ni watu wa namna gani watakaokuwapo siku yatakapokwisha: watakaojifungia na matone yao kama mbegu chupani, au watakaojua kwamba hata tone moja, likimiminwa kwa mwingine, limekwisha kuwa mwanzo wa mto. Swali hilo halihitaji kungojea miaka 35 baada ya vita vyovyote. Popote ambapo maji hununuliwa kwa chupa na mti hukatwa pasipo kupandwa mwingine, swali limekwisha kuulizwa, na jibu lake halitolewi kwa kinywa kilichofungwa.